Fuvu Lisilozeeka: Mhusika Mwovu wa Katuni na Wanasesere Wake, 1982–2024

Utangulizi

Tangu E. M. Forster atoe mihadhara yake kuhusu riwaya mwaka 1927, uhakiki umezoea kuwagawa wahusika katika mafungu mawili: wahusika bapa, ambao hujengwa juu ya sifa moja na hawabadiliki, na wahusika duara, ambao wana pande nyingi na hukua kadiri kisa kinavyosonga. Mgawanyo huu umefundishwa madarasani mpaka ukageuka kuwa ngazi, bapa wakiwa chini na duara juu. Mwanafunzi akiambiwa kuwa mwandishi fulani amesawiri wahusika bapa, huelewa papo hapo kuwa mwandishi huyo anakosolewa.

Makala haya yananuia kuichunguza ngazi hiyo mahali ambapo wahakiki hawana mazoea ya kutazama, yaani katika historia ya mhusika mwovu wa katuni za televisheni za Marekani na wanasesere wa plastiki wanaoendelea kumhuisha. Mfano mkuu ni Skeletor, hasimu wa He-Man, aliyeingia madukani mwaka 1982 na ambaye kwa zaidi ya miaka arubaini ameundwa upya mara kadhaa. Inadaiwa hapa kuwa kila mwanasesere mpya wa Skeletor ni tendo la uhakiki: anayemfinyanga huamua yupi, kati ya Skeletor wengi waliotangulia, ndiye wa kweli. Inadaiwa pia kuwa safari ya mhusika huyu kutoka ubapa hadi uduara haikuwa maendeleo matupu. Kuna kitu kilichopatikana, na kuna kingine kilichopotea, na kilichopotea ni kizito zaidi ya kinavyodhaniwa.

Yafaa istilahi moja ifafanuliwe mapema. Kampuni ya Hasbro ilipomtoa askari wake G.I. Joe mwaka 1964, ililikwepa kwa makusudi neno la Kiingereza linalotumika kwa mwanasesere, kwa hofu kuwa wazazi wasingewanunulia wavulana kitu chenye jina la mchezo wa wasichana. Jina jipya lilibuniwa kwa sababu za kibiashara. Makala haya hayalazimiki kuirithi hofu hiyo. Kitu chenye umbo la mtu, kinachoshikwa mkononi na kutiwa maneno kinywani na anayekichezea, kitaitwa mwanasesere, kiwe kimevaa gauni au kimeshika upanga.

Mwovu Asiye na Wasifu

Kwa kawaida matini hutangulia na sanamu ikafuata. Kwa Skeletor mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya Mattel ilianza na plastiki. Mchoraji Mark Taylor, aliyebuni sura za awali za He-Man na Skeletor, alieleza baadaye kuwa chanzo cha sura ya mwovu huyu kilikuwa kiwiliwili alichokiona utotoni katika uwanja wa burudani wa Long Beach, California, ambacho aliamini kuwa ni maiti ya kweli. Imani hiyo haikuwa ya kitoto. Mwaka 1976 watengenezaji wa kipindi cha televisheni walikuwa wakipiga picha katika uwanja huo walipogundua kuwa kilichodhaniwa kuwa sanamu kilikuwa mwili uliokaushwa wa Elmer McCurdy, jambazi aliyeuawa Oklahoma mwaka 1911, na ambaye maiti yake ilikuwa imezungushwa katika maonyesho kwa miongo kadhaa. McCurdy alizikwa mwaka 1977. Miaka mitano baadaye fuvu lilifufuka madukani likiwa na kofia ya zambarau.

Mwanasesere wa 1982 alikuwa na urefu wa inchi tano na nusu hivi. Ngozi yake ilikuwa ya buluu, uso wa manjano uliochanganyika na kijani, miguu mitupu yenye vidole vitatu kama ya jitu, na mkononi alishika fimbo yenye fuvu la kondoo dume. Kiwiliwili chake kilitoka katika kalibu ileile iliyomtoa He-Man. Sababu ilikuwa kupunguza gharama, lakini maana haimngoji mwenye kiwanda aikusudie. Mtoto aliyewasimamisha wawili hao ana kwa ana aliona kifua kimoja chenye vichwa viwili, kimoja cha kijana mwenye nywele za dhahabu na kingine cha mauti.

Ishara ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kila mmoja wao aliuzwa akiwa na nusu ya upanga, He-Man nusu ya kijivu na Skeletor nusu ya zambarau. Nusu hizo ziliweza kuunganishwa zikawa upanga mmoja. Vijitabu vya kwanza vilivyofungwa pamoja na wanasesere hao, vilivyoandikwa na Donald F. Glut na kuchorwa na Alfredo Alcala, vilieleza kuwa aliyezipata nusu zote mbili angeweza kuifungua Ngome ya Grayskull. Katika vijitabu hivyo He-Man ni shujaa wa nyikani, si mwana wa mfalme. Skeletor naye ni kiumbe aliyetoka katika ulimwengu mwingine. Hana baba wala mama. Hana kisasi cha kulipiza wala kovu la kueleza.

Msomaji aliyelelewa na ngano anamtambua mara moja mhusika wa aina hii. Zimwi la ngano halina utoto. Hakuna fanani anayesimama katikati ya masimulizi kueleza lilivyonyanyaswa na mama wa kambo. Lipo njiani kwa sababu njia lazima iwe na hatari. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa hekaya za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alilieleza jambo hili kwa utaratibu: mwovu katika hekaya hutambuliwa kwa kazi anayoifanya katika mtiririko wa matukio. Nafsi yake si suala. Skeletor wa 1982 ni wa ukoo huo, na ubapa wake ndio unaomwezesha kufanya kazi yake.

Ulimi Badala ya Upanga

Mnamo Septemba 1983 kampuni ya Filmation, chini ya Lou Scheimer, ilianza kuonyesha katuni ya He-Man, ambayo ilifikia vipindi 130 kufikia mwaka 1985. Mazingira ya kisheria ndiyo yaliyoiwezesha. Mwaka 1969 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilikuwa imeikemea katuni ya Hot Wheels, iliyotokana na magari ya kuchezea, kwa msingi kuwa sehemu zake zilikuwa tangazo la biashara lililovishwa joho la hadithi. Chini ya uenyekiti wa Mark Fowler, aliyeteuliwa wakati wa serikali ya Ronald Reagan, msimamo huo ulilegezwa, na mwaka 1984 Tume iliondoa miongozo ya kikomo cha matangazo ya biashara katika televisheni. Kikomo kwa vipindi vya watoto kilirudishwa na sheria ya mwaka 1990. Katuni ya He-Man ilizaliwa katika mwanya huo.

Lakini mlango uliowafungulia wauzaji haukuufungulia ukatili. Viwango vya utangazaji wa watoto viliendelea kubana: He-Man hakuruhusiwa kumkata kiumbe hai kwa upanga wake, na Skeletor hakuweza kumwua yeyote. Mwovu asiyeruhusiwa kudhuru abaki na nini? Abaki na ulimi. Alan Oppenheimer alimpa Skeletor sauti nyembamba ya puani, kicheko kirefu, na mtiririko wa matusi kwa wafuasi wake wajinga. Mipango yake yote ilishindwa, kipindi baada ya kipindi, na kila mwisho ulifungwa kwa mawaidha mafupi kwa watoto. Nusu mbili za upanga zilitoweka, kwa maana sasa He-Man alikuwa na upanga mzima. Wachoraji walimvisha Skeletor viatu na kuurahisisha uso wake ukawa wa manjano tu, kwani umbo la kuchorwa maelfu ya mara halihimili nakshi nyingi.

Hivyo, wakati mmoja, walikuwapo Skeletor wawili: wa plastiki, aliyetisha kimya, na wa katuni, aliyechekesha kwa maneno. Wahakiki wengi wangemweka wa pili chini kabisa ya ngazi. Hata hivyo, katika kipindi maalumu cha Krismasi cha Desemba 1985, Skeletor huyo anawateka watoto wawili wa kibinadamu na mbwa mdogo wa mashine ili awapeleke kwa bwana mwovu zaidi yake. Njiani, katikati ya theluji, watoto wanaingiwa na baridi, naye anajikuta akiwapatia makoti mazito na kumbeba yule mbwa, huku akilalamika kuwa haelewi kinachomsibu. Hatimaye ndiye anayewaokoa.

Kipimo cha uduara kwa Forster ni uwezo wa mhusika wa kumshangaza msomaji kwa namna inayosadikika. Kwa kipimo hicho Skeletor wa Krismasi anafuzu. Anashangaza, na anasadikika kwa sababu mtazamaji amemzoea. Aidha, anafuzu bila kupewa wasifu hata wa sentensi moja. Forster mwenyewe, ambaye husomwa kwa haraka, hakuwadharau wahusika bapa. Alikiri kuwa wengi wa wahusika wa Dickens ni bapa na kwamba, hata hivyo, kazi za Dickens zina kina cha ubinadamu. Waliokuja baada yake ndio walioijenga ngazi.

Keldor, au Uovu Wenye Nasaba

Badiliko lililoanza mwaka 1987 lilifuata njia nyingine. Kijitabu kilichoitwa The Search for Keldor kilimwonyesha Mfalme Randor akimtafuta ndugu yake aliyepotea zamani, na Skeletor akihangaika kuuzuia utafutaji huo. Msomaji aliachwa aunganishe mwenyewe. Wanasesere walikuwa wakielekea mwisho wa zama zao za kwanza, na kisa hakikukamilishwa. Hata hivyo, mbegu ilikuwa imepandwa.

Mbegu hiyo iliota mwaka 2002, Mattel ilipowatoa upya wahusika wake. Studio ya Four Horsemen iliwafinyanga wanasesere wapya wenye misuli iliyokazana, mavazi yenye nakshi na silaha kubwa kupita kiasi, na katuni mpya ya vipindi 39 ilionyeshwa kuanzia mwaka huo. Safari hii Skeletor alipewa uso kabla ya fuvu. Aliitwa Keldor, akamrushia Randor chupa ya tindikali, na tindikali hiyo ikamrudia usoni. Alipokuwa akikaribia kufa, Hordak alimwokoa kwa uchawi na kumwachia fuvu. Kuanzia mwaka 2008 mfululizo ulioitwa Classics, uliouzwa kupitia tovuti ya kampuni kwa bei ya kuanzia dola 20 na kulenga wakusanyaji watu wazima, uliyaandika haya nyuma ya kasha lenyewe. Jina halisi: Keldor. Nasaba: mwana wa mfalme kwa mama wa Gar, watu wenye ngozi ya buluu. Kwa hiyo alikuwa ndugu wa kambo wa Randor aliyenyimwa kiti.

Kwa mtazamo wa juujuu hapa ndipo mhusika anapokomaa. Amepata familia, kidonda na sababu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza sababu hiyo inasema nini. Mwaka 1982 ubuluu wa Skeletor ulikuwa rangi ya plastiki, uamuzi wa mchoraji aliyetaka mwovu wake atofautiane na shujaa. Miaka ishirini na zaidi baadaye, rangi hiyo imegeuzwa kuwa kabila. Aliyekuwa mwovu bila asili sasa ni mtoto wa damu mbili, na uovu wake umefungamanishwa na damu hiyo, hata ikiwa simulizi inakusudia ahurumiwe. Wasifu uliodhaniwa kumpa mwovu utu umefanya pia jambo lisilokusudiwa, nalo ni kuwachora watu wazima wa rangi yake nyuma yake kama maelezo ya uovu. Fuvu la 1982 halikuwa na rangi ya yeyote, kwa kuwa kila mtu analo.

Mfano wa kale unasaidia hapa. Shylock, anayejulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, aliigizwa kwa muda mrefu kama kikaragosi cha kuchekwa au jini la kuchukiwa. Edmund Kean alipompanda jukwaani London mwaka 1814 alimpa hasira yenye hadhi, na Henry Irving, mwaka 1879, alimpa huzuni. Huo nao ulikuwa uhuishaji wa mhusika mwovu. Tofauti ni kwamba utu ambao Kean na Irving waliuonyesha tayari ulikuwamo katika maneno ya Shakespeare, na kabila la Shylock lilikuwa kiini cha tamthilia tangu awali. Waigizaji hao waliichimba matini. Waliomwandikia Keldor wasifu waliongeza kabila pale ambapo hapakuwa nalo. Kuchimba na kuongeza si kazi moja, ingawa zote mbili huitwa ufasiri.

Mkono wa Sheria

Haifai kudhani kuwa kila mabadiliko ya mwanasesere mwovu hutokana na hiari ya msanii. Megatron, kiongozi wa waovu katika Transformers, aliuzwa na Hasbro mwaka 1984 akitokana na mwanasesere wa kampuni ya Takara ya Japani. Aligeuka kuwa bastola iliyofanana mno na Walther P38 ya Kijerumani. Mwaka 1988 sheria ya Marekani ilianza kudai bunduki za kuchezea ziwekewe alama ya kuzitofautisha na za kweli, na katika miaka ya tisini Megatron alirudi madukani akiwa kifaru cha kivita. Mwaka 2006 aligeuka bunduki tena, ila ya rangi zilizotangaza waziwazi kuwa ni ya kuchezea.

Kisa hiki ni muhimu kwa sababu kinaonyesha hasara ya aina nyingine. Megatron wa bastola alibeba maana ambayo kifaru hakiwezi kuibeba. Kiongozi aliyejigeuza silaha alihitaji mkono wa mwingine umshike na kumfyatua. Mtawala mwenye kiu ya mamlaka alilazimika, kila alipotaka kuua, kujitia katika kiganja cha mfuasi wake. Sheria ilikuwa na haki, kwa maana maisha ya mtoto aliyeshika kitu kinachofanana na bastola yana thamani kuliko kinaya cha mhusika. Lakini kinaya hicho kilikuwapo, na mhakiki anayeandika historia ya mhusika huyu anawajibika kukitaja.

Mkononi au Kabatini

Roland Barthes, katika insha yake fupi kuhusu vitu vya kuchezea iliyomo katika Mythologies ya mwaka 1957, aliwashutumu watengenezaji wa Ufaransa kwa kumgeuza mtoto kuwa mmiliki na mtumiaji, asiyeweza kuwa muumbaji. Shutuma hiyo inawahusu wanasesere wa Classics kwa namna ambayo Barthes hakuitarajia. Wana viungo vingi kuliko wa 1982, wanaweza kupiga magoti na kukunja viwiko, na He-Man na Skeletor wamerudishiwa nusu zao za upanga. Hata hivyo, wengi wao hawatolewi kamwe kashani, kwa kuwa kufunguliwa huwapunguzia thamani. Mwanasesere mwenye uwezo mkubwa wa kuigiza amekuwa ndiye asiyeigiza. Wasifu ulioandikwa nyuma ya kasha umechukua nafasi ya masimulizi ambayo zamani yalitoka kinywani mwa aliyemshika.

Hapa ndipo hasara iliyodokezwa mwanzoni inapoonekana. Mwovu asiye na wasifu alimwachia mtoto kazi. Mtoto aliyepewa fuvu, fimbo na nusu ya upanga alilazimika kuamua jioni ile kwa nini vita vinapiganwa na vitakwishaje, na kesho yake aliweza kuamua vingine. Alikuwa fanani, na ubapa wa mhusika ndio uliompa nafasi ya kusimulia. Anayepewa Keldor mwenye baba, mama, kosa na adhabu hupewa kisa kilichokwisha. Amebaki kuwa hadhira.

Historia ya karibuni, hata hivyo, haiendi upande mmoja. Mfululizo wa Origins, ulioenea madukani mwaka 2020, ulirejea urefu wa inchi tano na nusu, na viungo vya wanasesere wake vinaweza kuchomolewa na kubadilishanwa, kichwa cha mmoja kikakaa juu ya kiwiliwili cha mwingine. Mwaka 2021 Mark Hamill alimpa Skeletor sauti katika katuni mpya iliyoonyeshwa na Netflix. Mwaka 2024 Mattel ilitoa katika Origins kundi la wanasesere lililofuata sura za Filmation. Akarudi Skeletor wa viatu na uso wa manjano mtupu, yule kikaragosi wa matusi ambaye ngazi ya wahakiki ilimweka chini kabisa.

Hitimisho

Ni bayana kuwa historia ya Skeletor haiungi mkono imani kwamba mhusika hukua kwa kuongezewa maelezo. Aliposhangaza kwa kweli, mwaka 1985, hakuwa na wasifu. Alipopewa wasifu, alipata sababu za kuhurumiwa pamoja na nasaba inayoubebesha ukoo mzima mzigo wa uovu wake, na papo hapo mlango wa masimulizi ukafungwa kwa aliyemshika mkononi. Hii haina maana kuwa mwovu asielezwe kamwe. Shylock wa Kean ni ushahidi kuwa ufafanuzi unaochimba matini huweza kumrudishia mhusika haki aliyonyimwa. Maana yake ni kwamba kila maelezo yana gharama, na mhakiki hana budi kuuliza nani anailipa.

Istilahi za bapa na duara zitaendelea kuwa na manufaa zikitumiwa kueleza jinsi mhusika anavyofanya kazi. Zinapogeuzwa mizani ya ubora, huwafanya wahakiki waidharau nusu kubwa ya urithi wa masimulizi ya binadamu, ikiwa ni pamoja na ngano zilizowalea. Mwanasesere wa 1982 alikuja na nusu moja tu ya upanga. Nusu ya pili ilikuwa mkononi mwa adui yake, na aliyeweza kuziunganisha alikuwa mtoto aliyewashika wote wawili.